Kujenga Trela ya Kulala ya Umbo la Tone Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara, kwa Wajenzi wa Nakuru, Kisumu na Magharibi ya Kenya

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa kila ninapoegesha penye watu: kituo cha petroli, sokoni, lango la mbuga. Nimeyapanga jinsi kazi inavyokwenda, isipokuwa lile la pesa. Hilo kila mtu hulianza nalo, na mimi nimelisukuma nyuma makusudi.

Trela ya tone ni kitu gani hasa?

Ni kijumba cha kulala watu wawili kinachokokotwa na gari. Mbele kimeviringwa, nyuma kinateremka, ukikitazama ubavuni unaona tone la maji lililolazwa. Ndani ni kitanda na rafu mbili tatu, basi. Jiko liko nje, upande wa nyuma, chini ya mlango unaonyanyuliwa juu sawa na buti ya gari. Wazo lilianza Marekani miaka ya 1930, na michoro yake ikasambaa kwenye majarida ya mafundi wa nyumbani, kwa hiyo tangu mwanzo ni kitu kilichokusudiwa kujengwa gereji na mtu mwenye msumeno na subira. Huwezi kusimama ndani yake. Anayetaka kusimama anataka trela nyingine, nzito zaidi, na gari jingine la kuivuta.

Si afadhali ninunue hema?

Kwa wengi, ndiyo. Hema ni rahisi na halihitaji maegesho. Trela inakupa kitanda kikavu kilichotandikwa tayari, mlango wenye kufuli, na jiko linalofunguliwa kwa dakika moja. Ukipiga kambi mara moja kwa mwaka, nunua hema.

Nianzie wapi, kwenye chasi au kwenye mchoro?

Anzia dukani kwa magodoro. Sisemi kwa mzaha. Magodoro yetu yanauzwa kwa vipimo vya 3 kwa 6, 4 kwa 6, 5 kwa 6 na kuendelea, na ukijenga trela ambayo godoro lake halipo sokoni utakuwa unakata povu kwa kisu cha jikoni hadi uzeeke. Bodi ya plaiwudi nayo ni futi 8 kwa 4. Weka godoro la 4 kwa 6 juu yake: upana umeenea, na urefu umebakisha futi 2. Hizo futi 2 ndizo jiko lako. Sakafu inatoka kwenye bodi moja bila kukatwa, na kuta ukizifunga nje ya sakafu hazikuli nafasi.

Tatizo ni kwamba futi 4 kwa watu wazima wawili ni mapenzi ya dhati au uchovu mwingi. Kama mmoja wenu hugaragara, nenda 5 kwa 6 na ukubali kuunga sakafu. Mrefu wa kupita futi 6 aongeze urefu wa chumba, maana miguu haikunjiki usiku kucha. Pima pia kimo ukiwa umeketi juu ya godoro lenyewe. Godoro la inchi 6 linakula inchi 6 za kichwa chako, na wengi hukumbuka hilo paa likiwa limeshafungwa.

Gari langu dogo litaivuta?

Trela ya 4 kwa 8 iliyojengwa kwa uangalifu huwa na kilo 350 hadi 500 ikiwa tupu. Ongeza maji, mtungi wa gesi, vyombo na mizigo, hapo umeongeza kilo 100 bila kujua. Lita 20 za maji ni kilo 20, na familia husafiri na madumu mawili.

Kwanza tafuta uwezo wa kukokota kwenye kitabu cha gari. Kitabu kikiwa cha Kijapani, ingiza jina la modeli na injini utafute cha soko linalotumia Kiingereza, ila uhakikishe injini na giaboksi ni zilezile. Pili, trela yangu ikiwa haina breki zake, mimi sivuki nusu ya uzito wa gari, hata kitabu kikiniruhusu. Tatu, kumbuka milima yetu. Nakuru iko karibu mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, Kisumu karibu 1,130, lakini barabara haiendi moja kwa moja: inapanda Mau Summit kwanza, na ukielekea Eldoret unapita Timboroa, juu ya mita 2,700. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo pale Timboroa, robo ya farasi zako wamebaki nyumbani.

Giaboksi za CVT, zile otomatiki za mkanda zisizo na gia za hatua, hazipendi mzigo mzito kwenye mlima mrefu. Zinavuta, lakini kwa joto. Punguza mzigo, punguza mwendo, na mafuta ya giaboksi yabadilishwe mapema kuliko kawaida.

Chasi nichomelee mwenyewe?

Kama hujawahi kuchomelea kitu kilichobeba uhai wa watu, usianzie hapa. Sanduku la mbao lifanye mwenyewe, chasi mpe fundi. Kibuye kule Kisumu na jua kali za Nakuru zina watu wanaojenga mikokoteni na trela za matrekta kila siku. Mpelekee mchoro wenye vipimo, usimpelekee maneno. Tyubu ya mraba ya inchi 2, unene wa milimita 3, inatosha kwa trela hii. Fundi atataka kukuwekea chuma cha lori kwa sababu ya kukuonea huruma. Mkatalie, kila kilo anayoongeza utaivuta hadi Kakamega.

Ekseli ya nyuma ya gari dogo linaloendeshwa na magurudumu ya mbele, kutoka yadi ya vyuma chakavu, ni chaguo zuri ikiwa haijapinda. Beringi badilisha zote, hata zikionekana nzima. Na hapa kuna jambo ambalo mafundi hawakwambii: chagua habu zenye idadi na nafasi ya nati sawa na za gari lako, na matairi ya saizi ileile. Spea moja itatosha gari na trela. Ukipata pancha Londiani saa moja usiku utanishukuru.

Ekseli ikae wapi?

Nyuma kidogo ya katikati. Kwa sanduku la futi 8, anza na karibu asilimia 60 ya urefu ukipima kutoka mbele, kisha uthibitishe kwa mizani. Unachotafuta ni kwamba pua ya trela, pale inapokaa juu ya bonge la chuma la kuvutia lililofungwa nyuma ya gari, ibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Trela ya kilo 450 ikiwa imepakiwa, pua iwe na kilo 45 hadi 67. Mizani ya kujipimia mtu inatosha: weka tofali, weka mizani, egemeza pua juu yake, trela ikiwa imelala sawa.

Pua ikiwa nyepesi kuliko hapo, trela itaanza kupiga mkia ukifika mwendo wa barabara kuu, na lori likikupita ndiyo utajua. Ikitokea, achia mafuta, shika usukani wima, usikanyage breki kwa nguvu. Kisha simama upange mizigo upya, vizito vije mbele ya ekseli. Ndiyo maana mwambie fundi afunge springi kwa boliti za U kwanza, asichomelee chochote cha ekseli mpaka sanduku likae juu na upime.

Plaiwudi ya aina gani?

Tuna bahati, plaiwudi inatengenezwa hukuhuku kwetu, Eldoret na Elburgon, kwa hiyo si bidhaa ya kuagiza. Kuta ni milimita 12 au 18, sakafu 12 ikiwa chasi ina mihimili ya kutosha, paa 3 au 4 ili ipinde. Bodi ya milimita 18 ina kilo 30 na ushee, ya 12 karibu kilo 20. Kwa kuta mbili, tofauti hiyo ni mtoto mzima ulioacha kumbeba.

Kuhusu gundi inayoshika tabaka za plaiwudi, usiamini muhuri wala neno la muuzaji. Omba kipande cha ukubwa wa kiganja, kichemshe kwenye sufuria kwa saa kadhaa, kikauke, kichemshe tena. Gundi ya ndani ya nyumba huachia: tabaka zinafunguka pembeni, unaweza kupenyeza ukucha. Gundi ya nje inabaki imeshika na maji yanageuka rangi ya chai tu. Muuzaji akikataa kukupa kipande, hilo nalo ni jibu.

Ile bodi nyeusi ya kumwagia zege wengi huiulizia. Gundi yake huwa nzuri, lakini ni nzito, na uso wake laini hukataa rangi na gundi. Kwa sakafu sawa. Kwa kuta, hapana.

Mviringo nauchoraje bila kuharibu bodi?

Nunua bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme, lile la milimita 20. Piga misumari michache kwenye bodi mahali unapotaka mstari upite, mmoja pale paa linapoanza kupanda, mmoja kileleni, miwili mitatu mteremko wa nyuma, kisha pindisha bomba lipite kwenye misumari hiyo. Plastiki haikubali kona kali, kwa hiyo inakupa mkunjo safi wenyewe. Rudi nyuma hatua kumi uutazame. Jicho linaona kibyongo ambacho tepu haioni. Sogeza msumari, tazama tena. Ukiridhika, chora.

Kata ubavu wa kwanza kwa jigsoo ukiacha milimita mbili nje ya mstari, ulaze juu ya bodi ya pili, funga zote mbili kwa klampu, halafu usawazishe kingo pamoja kwa randa na msasa. Kuta zote mbili ziwe pacha kabisa. Zikitofautiana hata kidogo, paa litajikunja vibaya na mlango wa nyuma hautafunga daima dawamu.

Na paa litapindaje?

Plaiwudi ya milimita 3 hupinda kirahisi upande mmoja kuliko mwingine, ijaribu kabla ya kukata. Sehemu yenye mkunjo mkali, ilowanishe kwa kitambaa cha maji moto, uifunge polepole kutoka katikati ya paa kwenda mbele. Mbavu za kushikilia ni vijiti vya saiprasi kavu vya inchi 1 kwa 2, kila futi moja, karibu zaidi penye mkunjo. Saiprasi mbichi itapinda ikikauka na kuvuta paa nayo, kwa hiyo nunua mapema uiache kivulini.

Nje nifunike na nini?

Kuna njia tatu. Bati la aluminiamu la milimita 1 ndilo la asili na la kupendeza: mita ya mraba ina uzito wa kilo 2.7 tu. Mafundi wa bodi za matatu wanajua kulikata, kulikunja na kulipiga riveti, waombe wakufanyie kingo. Ubaya wake ni kwamba Kericho na Nandi Hills zinajulikana kwa mvua ya mawe, na aluminiamu nyembamba haisahau. Pia usiifunge kwa skrubu za chuma cha kawaida, zitakula kutu pamoja.

Njia ya pili ni faiba, nzuri lakini chafu na ya gharama.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda: kitambaa cha amerikani. Paka plaiwudi gundi ya mbao isiyoyeyuka kwa maji, tandaza amerikani ikiwa imefuliwa, ipitishe kwenye kona zote, ipake gundi tena juu mpaka ilowe, ikauke, kisha rangi ya maji ya nje ya nyumba. Tabaka la kwanza la rangi lichanganywe na maji kidogo lizame kwenye nyuzi, halafu tatu au nne nzito. Ukichubua mahali porini, unaziba kwa brashi. Si ya kumeremeta. Inafanana zaidi na mtumbwi kuliko gari, na watu huigusa kuuliza ni nini.

Mvua itaingia wapi?

Hili ndilo swali la kweli la ukanda huu. Mijadala ya mtandaoni ya ughaibuni imejaa watu wa nchi zenye mvua chache wanaogombana kuhusu rangi ya makabati. Huku, Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ukanda wa ziwa una radi za alasiri ambazo hazikungoji ufunge dirisha. Maji yatatafuta sehemu nne.

Ya kwanza na mbaya kuliko zote ni bawaba ya mlango wa nyuma. Iko juu, iko mlalo, na maji yote ya paa yanaipitia. Ughaibuni wanauziwa bawaba maalumu ya aluminiamu yenye mkunjo usiopitisha maji. Hapa tumia bawaba ndefu ya piano, kisha kata ukanda wa mpira laini upana wa inchi 4 kutoka kwenye tyubu kuukuu ya lori. Ukanda uanzie juu ya bawaba, ubanwe upande wa paa tu kwa kipande cha aluminiamu na skrubu, na ushuke ukiifunika bawaba nzima kama kigae kinavyofunika kigae. Upande wa chini usiubane. Mlango ukinyanyuka, mpira unakunjika, ukifunga, unalala.

Ya pili ni kingo za plaiwudi. Uso wa bodi huvumilia, kingo hunywa. Zipake vanishi iliyoyeyushwa mara mbili, hadi zisinywe tena, kabla ya kufunika chochote.

Ya tatu ni matundu ya skrubu na pembeni mwa madirisha. Usitumie silikoni ya bafuni: rangi haiishiki, na ikianza kuachia hakuna kingine kitakachoshika juu yake. Nenda kwa mafundi wa vioo vya magari ununue gundi yao nyeusi ya poliyurethani. Inashika mbao, chuma na kioo, inavumilia mtikisiko, na unaipaka rangi juu ili jua lisiile.

Ya nne ni chini. Magurudumu hurusha maji na tope kwenye sakafu kwa nguvu. Paka chini lami ya kuzuia kutu, ile wanayopulizia magari, kabla sakafu haijalala juu ya chasi.

Kisha mpe mtu mpira wa maji, wewe ingia ndani na tochi, ufunge mlango. Aanze chini kwenda juu, polepole, nusu saa. Fanya hivyo kabla ya kuweka godoro.

Kisumu joto, Timboroa baridi. Nifanyeje?

Hewa ndiyo jibu la yote mawili. Watu wawili wakilala ndani ya sanduku lililofungwa, pumzi yao inageuka maji kwenye dari kufikia alfajiri, hasa kwenye baridi. Weka madirisha mawili yanayokabiliana na tundu la hewa darini lenye feni ndogo ya volti 12. Yote yawe na wavu wa mbu. Ukanda wa ziwa una malaria, na wavu wenye tundu moja ni sawa na hakuna. Kati ya dari ya ndani na paa la nje jaza povu jeupe la inchi 1.

Jiko la makaa halilali nanyi ndani. Hata lililobaki majivu mekundu tu, hata dirisha likiwa wazi. Gesi ya kaboni monoksidi inayotoka haina harufu na inaua usingizini. Baridi ikizidi, ongeza blanketi.

Jiko la nyuma lina siri gani?

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini. Kabati la mtungi liwe na tundu sakafuni linalotoka nje, na lisiwe na upenyo wa kuingia chumbani. Mtungi wa kilo 6 unatosha safari ndefu. Kaunta iwe kimo cha kiuno cha mpishi, na huyo mpishi aulizwe kabla ya kukata mbao. Mlango ulionyanyuka ndio paa lako la mvua, lakini jiko lisiwashwe likiwa ndani kabisa chini yake: livute nje kwa droo.

Umeme je?

Mdogo kuliko unavyodhani. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa (Ah) 50, ukitumia nusu yake tu ili idumu, inakupa karibu wati-saa (Wh) 300. Taa ya wati 5 kwa saa tano ni 25, simu mbili labda 30, feni ndogo usiku mzima 80 hadi 100. Paneli ya sola ya wati 100 inarudisha hiyo kwa siku ya jua. Kila waya uwe na fyuzi karibu na betri. Friji ni hadithi nyingine. Mimi hubeba kisanduku cha barafu.

Polisi watanisumbua? Inahitaji namba?

Trela husajiliwa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na hupewa namba yake yenyewe, inayoanza na herufi Z. Usitundike kadibodi yenye namba ya gari. Waulize wanachotaka kuhusu trela iliyojengwa nyumbani kabla hujanunua chuma, na utunze risiti zote. Ijulishe kampuni ya bima pia. Taa za breki, indiketa na ya namba zifanye kazi, viakisi viwepo, na minyororo miwili ya usalama ipite kwa kupishana chini ya kiungo, ili pua ikichomoka idondokee juu yake. Kenya tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukiweka mlango mmoja uwe wa kushoto, usishukie kwenye malori.

Kuna barabara ya kuogopa?

Mteremko wa Sachangwan kuja Salgaa, unaporudi Nakuru. Unajulikana kwa ajali. Ingiza gia ndogo kileleni, si katikati, uache injini ishike. Ukinusa breki, umechelewa: tafuta pa kusimama. Kutoka Nandi Hills kushukia Chemelil ni vivyo hivyo, na kona zake ni kali zaidi.

Haya, pesa ngapi?

Bei hubadilika kila mwezi, kwa hiyo nitakupa orodha ya kupeleka dukani. Chasi yenye ekseli, springi na matairi ndiyo inayomeza sehemu kubwa. Plaiwudi: bodi mbili nene za kuta, moja ya sakafu, mbili za ndani, na tano au sita nyembamba za paa na mlango wa nyuma. Kisha kuna vitu vidogo, skrubu, gundi, bawaba, msasa, brashi, na hivyo kwa pamoja vitakushangaza kuliko plaiwudi. Usibane pesa kwenye beringi, kiungo cha kuvutia, matairi na gundi ya kuzibia. Mapazia yanaweza kutoka mtumba.

Naweza kulala nayo ndani ya Mbuga ya Ziwa Nakuru?

Kwenye kambi zilizotengwa, ndiyo, kama ile ya karibu na maporomoko ya Makalia. Malipo ya KWS, shirika la wanyamapori, hufanywa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kamilisha kabla hujafika langoni. Kuna nyati na simba, kwa hiyo haja ya usiku ipange mapema. Adui wa kila siku, lakini, ni nyani. Komeo la kusukuma atalifungua akikutazama. Weka lenye kufuli kwenye mlango wa jiko, na usiache hata ganda la ndizi mezani. Naivasha, Baringo na Dunga hatari ni kiboko, anayetoka majini usiku kula nyasi. Usiegeshe kati yake na maji.

Tuna watoto wawili. Watalala wapi?

Wakiwa wadogo, kitanda cha turubai kinaning'inizwa kukatiza upande wa miguuni, juu ya godoro, kwa mabomba mawili ya chuma. Mmoja anatosha hapo. Wa pili atalala katikati yenu na kuwapiga mateke. Wakifika gredi ya nne wanunulieni hema lao, na mtaona wenyewe ndio hawataki kulala ndani.